Usuke WRX au Ununue STI? Rekodi Zinavyojibu

Mwaka 1987 jarida la magari la Marekani, Road & Track, liliyakusanya magari yenye kasi kuliko yote ya zama zile kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien, Ujerumani. Ferrari walikuwepo. Porsche 959, gari ambalo kampuni ya Porsche ilililimbikizia kila ilichokijua, nalo lilikuwepo. Lakini lililowapita wote lilikuwa gari dogo la njano lenye bodi ya 911 ya kawaida, lililosukwa na Alois Ruf na mafundi wake katika mji mdogo wa Pfaffenhausen, jimbo la Bavaria. Lilifika kilomita 339 kwa saa. Jina lake rasmi ni CTR, lakini wapenda magari wanalijua kwa jina la Yellowbird, yaani ndege wa njano.

Kila ubishi wa magari unapozuka, rekodi hiyo ndiyo hutajwa kwanza. Ya nini kulipia toleo la juu? Nunua la chini, lisuke, uwaache wenye hela zao nyuma. Mimi naipenda Yellowbird kuliko gari lolote la miaka ile, na ndiyo maana huniuma kusikia ikitolewa ushahidi wa jambo ambalo haikulithibitisha.

Tuangalie alichokifanya Ruf. Wakati huo toleo la juu la 911 lilikuwa Turbo, farasi 300, lenye mapaja mapana ya nyuma. Ruf akaliacha. Akachukua bodi ya Carrera, yaani 911 ya kawaida, kwa sababu ni nyembamba na hupasua upepo vizuri zaidi. Mifereji ya mvua iliyo juu ya milango akaikata, kwa kuwa nayo hukamata upepo. Milango na boneti akaweka za alumini. Injini akaitanua kutoka lita 3.2 hadi karibu lita 3.4, akaifungia turbo mbili, ikatoa farasi 469. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Lakini hata hiyo Turbo ya Porsche ilikuwa bado na giaboksi ya gia 4, na Ruf alikuwa ameshaunda ya kwake yenye gia 5. Akafunga breki kubwa za Brembo, akapandisha rimu hadi inchi 17. Alipomaliza, Carrera ilikuwa imebaki umbo. Serikali ya Ujerumani humtambua Ruf kama mtengenezaji wa magari, na magari yake yana namba zake mwenyewe za chasisi. CTR alizotengeneza kama gari kamili tangu mwanzo ni 29 tu.

Kwa hiyo rekodi ile ni ya mtu aliyeunda gari jipya. Hakuna aliyenunua Carrera, akaifungia turbo, akaipita 959.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mpwa wangu anayeishi Mombasa. Alinipigia simu wiki chache zilizopita, na baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja: "Mjomba, kuna Subaru WRX nimeiona. Safi kabisa. Bei yake iko chini mno ukilinganisha na STI, toleo lake la juu. Naichukua halafu naisuka polepole, mwisho wa siku nakuwa na STI kwa nusu ya bei." Nikamwambia anipe muda. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila kijana anayepiga hesabu hiyo hiyo usiku akiwa na simu mkononi.

Kinachoongezeka kirahisi kuliko vyote

Ni nguvu ya farasi. Kwenye gari la turbo, nguvu huongezwa kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini na kuiruhusu turbo isukume hewa zaidi. Kazi hiyo huweza kumalizika kwa siku moja bila kufungua hata nati ya injini. Urahisi huo ndio unaowapoteza vijana, kwa sababu namba ya farasi ndiyo inayosomeka kwenye tangazo, na kuanzia hapo mtu huamini kwamba tofauti ya matoleo mawili ni namba hiyo.

Wajapani walitupa somo kubwa kuhusu jambo hili. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 makampuni yao yalikuwa na makubaliano ya kiungwana: hakuna gari linalotangazwa kuwa na zaidi ya farasi 280. Hivyo Nissan Skyline GT-R iliandikwa 280, na nyingine zilizokuja baadaye, STI ikiwemo, zikagota hapo hapo. Ukisoma karatasi tu ungedhani Skyline GTS-t ya farasi 215 imebakiza hatua moja kumfikia kaka yake. Lakini injini ya GT-R, ile RB26, ilibuniwa kwa kulenga mashindano. Blok yake ya chuma imebeba mara mbili ya namba ile kwenye karakana nyingi za Japani. Na rekodi iliyoweka haijawahi kuguswa: kwenye mashindano ya magari ya abiria ya Japani, daraja la Group A, GT-R ya R32 ilishiriki mbio 29 kati ya 1990 na 1993, ikashinda zote 29.

Namba ilikuwa ile ile 280. Walicholipia wanunuzi ni kile kilichokaa chini yake.

Gia mbili mkononi

Sasa tuje kwa Subaru, maana huko ndiko pesa za vijana wetu zinakokwenda. WRX ya kwanza ilitoka Novemba 1992 ikiwa na farasi 240. Toleo la kwanza la WRX STI likafuata Januari 1994 na farasi 250, yakitengenezwa magari 100 kwa mwezi. Farasi 10 tu! Ungeweza kuuliza, hao STI walikuwa wanauza nini?

Kwa STI za baadaye, jibu nilioneshwa kwenye gereji moja ya Kinondoni, Dar es Salaam. Fundi alikuwa ameshusha giaboksi ya gia 5 ya WRX ambayo mwenye gari alikuwa ameipandisha nguvu, na kosa halikuwa la kiwanda. Mafuta yaliyomwagwa kwenye karai yalikuwa yanameta kama yamechanganywa na rangi ya fedha, na fundi alipopitisha sumaku ndani ya karai, ilitoka na vipande vya meno ya gia. Akaichomoa gia ya tatu, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea kwenye kiganja cha kushoto. Meno mawili hayapo, la tatu limepasuka hadi shinani. Kisha akaenda kabatini, akarudi na gia ya tatu ya giaboksi ya gia 6, ile ya STI za baadaye, akaniwekea kulia. Sikuhitaji kuambiwa kitu. Ya kulia ilikuwa pana zaidi, na mkono ulishuka wenyewe kwa uzito.

"Huyu alinunua farasi," fundi akasema, "hakununua kwato."

Mwenye gari alitaka basi afungiwe giaboksi ya STI. Hapo ndipo hesabu ya "polepole" inapovunjika. Giaboksi ya gia 6 haiji peke yake. Uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na wa giaboksi, vinginevyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatagombana hadi kitu kivunjike, kwa hiyo unanunua na difu. Difu ya STI ni kubwa, hivyo ekseli nazo zinabadilika, na propela shafti pia. Ukitaka difu ya katikati ifanye kazi kama ya STI, ambayo dereva huipangia mgawanyo wa nguvu kwa kitufe, unahitaji kompyuta yake na nyaya zake. Ukifika kwenye hab unakutana na jingine: STI za kuanzia 2005 zina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3, wakati WRX za miaka hiyo ni milimita 100. Rimu zako haziingii tena. Bado hujafika kwenye breki za Brembo, pistoni 4 mbele na 2 nyuma.

Nilimtazama kijana huyo mwenye gari akiandika orodha kwenye simu yake. Alipofika kitu cha saba aliacha kuandika.

Kwa wanaopenda bei zilizoandikwa wazi, mfano mzuri ni wa Marekani mwaka 2015, gari jipya dukani. WRX ilianzia dola 26,295 ikiwa na farasi 268. STI ilianzia dola 34,495 ikiwa na farasi 305. Tofauti ni dola 8,200. Ukizigawa kwa farasi 37, utaona umeibiwa. Ukizigawa kwa giaboksi, difu, breki na ekseli, vyote vipya, vyote vimefungwa kiwandani na vina dhamana, hakuna gereji duniani itakayokufanyia kazi hiyo kwa pesa hiyo.

Iliyodumu kuliko nyingine

Kabla ya kuingia kwenye Impreza, gari mama la WRX na STI, injini ya EJ20 ilianzia kwenye Subaru Legacy. Januari 1989, kwenye uwanja wa majaribio huko Arizona, Legacy RS zilikimbizwa kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa. Zilitumia siku 18 na saa zaidi ya 15, usiku na mchana, zikisimama kwa mafuta, matairi na kubadilishana madereva. Ilikuwa rekodi ya dunia wakati ule.

Nawaomba vijana waitazame rekodi hii kwa makini. Iliwekwa na injini iliyobaki ndani ya mipaka yake, ikinywa mafuta ambayo wahandisi waliipangia. Injini za Subaru za soko la Japani zenye turbo zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu la huko, ambayo okteni yake inazidi ile ya petroli ya kawaida ya vituo vyetu. Ukiongeza msukumo wa turbo huku petroli ni ile ya chini, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na kinachopigwa nyundo ni pistoni. Hapo ndipo unaposikia injini imenoki. Fundi mwenye uzoefu huanza kwa kukuuliza unajaza mafuta wapi kabla hajagusa kompyuta.

Iliyozunguka haraka kuliko zote

Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, kina barabara ya mbio za pikipiki yenye urefu wa kilomita 60.7, inayopita vijijini, kando ya kuta za mawe na mlimani. Mwaka 2011 dereva Mark Higgins aliizunguka kwa STI iliyokuwa karibu sawa na ya dukani, ikiongezewa vyuma vya usalama na mambo machache ya shoki, akatumia chini ya dakika 20. Ilikuwa rekodi ya magari. Mwaka 2016 akarudi na STI iliyosukwa upya na Prodrive, wale waliokuwa wakiandaa Subaru za mashindano ya dunia ya rali. Safari hii dakika 17 na sekunde 35, wastani wa kilomita 207 kwa saa.

Mwaka uliofuata gari hilo hilo likapelekwa kwenye uwanja wa mbio wa Nürburgring, likazunguka kwa dakika 6 na sekunde 57.5. Tommi Mäkinen, bingwa mara 4 wa dunia wa rali, alikuwa ametumia dakika 7 na sekunde 55 hapo hapo mwaka 2010 kwa STI ya milango 4 ya barabarani.

Tofauti ya sekunde 57 ni kazi ya kusuka, sikatai, na ni kazi ya kuvutia sana. Ila Prodrive, wenye ujuzi wote ule, hawakuanza na WRX. Walianza na STI. Vivyo hivyo Masato Kawabata, aliyeweka rekodi ya dunia ya kuteleza kwa gari mwaka 2016 kwenye uwanja wa ndege wa Fujairah, Falme za Kiarabu, kilomita 304.96 kwa saa gari likiwa limekaa upande: gari lake lilikuwa Nissan GT-R Nismo, toleo la juu kabisa, kisha likasukwa hadi farasi 1,380.

Wapo walioanza na gari la bei ndogo wakafika juu, kama kampuni ya Hennessey ya Texas. Venom GT yao ilianzia kwenye Lotus Exige, na mwaka 2014 ilifika kilomita 435.31 kwa saa kwenye njia ya kutulia vyombo vya anga huko Florida, juu kidogo ya rekodi ya Bugatti Veyron Super Sport ya 2010, kilomita 431.072. Haikutambuliwa rasmi kwa kuwa ilikimbia upande mmoja tu. Na bei yake ilivuka dola milioni moja.

Adimu na ghali

Mwaka 1998 Subaru walitoa Impreza 22B STI kusherehekea miaka 40 ya kampuni na ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Zilikuwa 400 kwa Japani, na chache za Uingereza na Australia. Bodi ilitanuliwa, injini ikawa lita 2.2. Mwaka 2023 moja ya zile za majaribio, iliyokuwa ya dereva wa rali Colin McRae, iliuzwa kwa zaidi ya pauni 480,000.

Yapo magari ya kusukwa yaliyouzwa ghali pia. Toyota Supra ya rangi ya chungwa aliyoiendesha mwigizaji marehemu Paul Walker kwenye filamu ilipata dola 550,000 mwaka 2021, na Skyline aliyoiendesha kwenye filamu ya 2009 ikavuka dola milioni 1.3 mwaka 2023. Hapo walionunua walilipia kumbukumbu ya marehemu. Sokoni kwetu mambo ni kinyume: mnunuzi akiona turbo kubwa na ekzosi ya bomba, kwanza anauliza injini imeshafumuliwa mara ngapi. Gari ambalo halijaguswa ndilo hugombewa.

Safari Rally

Huku kwetu tuna rekodi zetu, na ndizo zinazonigusa zaidi. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda Safari kwa Volvo PV544 ya mtumba, gari ambalo timu ya Volvo yenyewe ilikuwa imeshalitumia. Hakuwa na gari jipya kuliko wengine. Alikuwa na gari lililoimarishwa na watu waliojua litapita wapi, na yeye mwenyewe alikuwa fundi.

Mwaka 1993 Patrick Njiru akaingia na Subaru Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Akamaliza Safari, akashika nafasi ya 12. Mwaka uliofuata akaja na Impreza WRX ya Group N, daraja ambalo gari hutakiwa kubaki karibu sawa na lilivyouzwa dukani. Akamaliza wa 4 kwa jumla na kushinda daraja lake, mbele ya magari yaliyosukwa kwa fedha ambazo hakuna Mkenya wa kawaida angezipata. Barabara za Safari zilivunja magari yenye nguvu mwaka baada ya mwaka. Lililofika ni lile ambalo vipande vyake vyote vilikuwa na nguvu moja.

Jibu kwa mpwa wangu

Mpwa wangu, kama mfuko wako ni wa WRX, nunua WRX, na uipende kama WRX. Tafuta ambayo haijafunguliwa, yenye historia ya sevisi, isiyo na moshi asubuhi injini ikiwa baridi. Pesa uliyotaka kuweka kwenye turbo, weka kwenye matairi mazuri manne, pedi na mafuta ya breki, bushi, shoki, na mkanda wa taiming pamoja na pampu ya maji. Badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Gari hilo litakupeleka Nairobi na kukurudisha ukiwa na tabasamu lote unalolitafuta, na siku ukitaka kuliuza utapata mnunuzi.

Ukitaka kusuka, fuata funzo la Ruf, ujenge gari zima: anza na breki, kisha giaboksi na difu, halafu injini iwe ya mwisho. Andika orodha yote na bei zake kabla hujanunua kitu cha kwanza, kisha ilinganishe na bei ya STI iliyokamilika. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi na watu tofauti, na kwa Subaru bado sijaona WRX ikishinda.

Na kama moyo wako uko kwenye STI, subiri, weka akiba, usiichukue hiyo WRX. Ila usisubiri kupita kiasi. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na safari ya EJ20 ndani ya STI ilifungwa Japani mwishoni mwa 2019 kwa toleo la kuagia, magari 555 tu. Anza kuhesabu miaka 8 kuanzia hapo.